UZI: Nani aliulizwa? Shule, utamaduni na historia tunayoisahau kila msimu wa kampeni

1/ Kila msimu wa siasa hii ngoma inarudi. Mgombea mmoja anapanda jukwaani: "Tutarudisha utamaduni wetu shuleni, watoto wafunzwe kwa lugha ya mama." Watu wanapiga makofi. Kesho yake mwingine anasema dunia inaongea Kiingereza, msiwarudishe watoto nyuma. Watu, mara nyingi wale wale, wanapiga makofi tena. Leo tuichambue polepole. Kama kawaida ya hizi nyuzi zetu: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunaangalia historia.

2/ Nianze na aibu yangu. Muhula uliopita niliandika insha ya kozi nikidai kosa la shule zetu lilikuwa kuacha lugha za mama. Nilikuwa na hasira ya kweli. Nikiwa darasa la tatu nilivalishwa diski kwa sababu Kikuyu kilinitoka tukicheza uwanjani. Kwa wasiojua, diski ni kibao unachovishwa shingoni ukiongea lugha ya nyumbani. Unakaa nacho mpaka umnase mwenzako. Jioni wote waliokibeba wanapanga laini wachapwe.

3/ Basi nikaenda ushago, nikamsomea shosho ile insha huku nikimtafsiria. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka. Akaniambia: "Mjukuu wangu, Wazungu ndio walitaka tusome kwa Kikuyu. Baba yangu aliuza mbuzi ili tufunzwe Kiingereza." Sikuwa na la kujibu. Nikarudi maktaba, na nilichokuta huko ndicho nawaletea leo.

4/ Hoja yangu kwa ufupi, ndio usipotee njiani. "Utamaduni au maendeleo?" ni swali lililoulizwa vibaya. Katika historia yetu, lililoamua kama wazazi watailinda shule au wataikimbia halikuwa lugha peke yake. Ilikuwa hivi: jamii iliulizwa? Na ikiwa iliulizwa, ni nani ndani ya hiyo jamii aliulizwa?

5/ Turudi nyuma. Sehemu kubwa ya bara, shule ililetwa na wamishonari, na ilikuwa mlango wa kanisa. Huko Kikuyuni neno "athomi", yaani wasomaji, lilikuwa pia jina la Wakristo. Kusoma na kubatizwa vilienda pamoja. Serikali ya kikoloni nayo ilitoa ruzuku, na ikaacha elimu igawanywe mara tatu: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika. Pesa na mtaala havikufanana.

6/ Mwaka wa 1924 ikaja tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani kukagua elimu Afrika Mashariki. Ukisoma mapendekezo yake leo unaweza kudhani yameandikwa na mwanaharakati wa utamaduni. Elimu ifuate mazingira ya Mwafrika. Mtoto aanze na lugha ya nyumbani. Afunzwe kilimo, afya na ufundi. Mfano wao ulikuwa vyuo vya watu weusi kusini mwa Marekani, kama Hampton na Tuskegee.

7/ Sasa shida iko wapi? Jiweke mahali pa mzazi wa wakati huo. Ardhi imechukuliwa. Kipande kinaning'inia shingoni. Sheria, barua za DC, kesi za mashamba, zote ni Kiingereza. Mtoto wa mlowezi anasomea kuongoza. Mtoto wako anaambiwa lugha yake inatosha na jembe linatosha. Hiyo "elimu inayokufaa" wengi waliiona kama ukuta wa kuwazuia wasivuke.

8/ Kwa hivyo shosho hakuwa anatania. Lugha ya mama ni ile ile. Ukiichagua mwenyewe ni heshima. Ukipangiwa na mtu aliyekunyang'anya shamba, ni kitu kingine kabisa. Hili ndilo lilinipita nilipoandika insha yangu: nilidhani kinachofunzwa ndio kila kitu, nikasahau kuuliza nani aliamua.

9/ Halafu 1929. Baadhi ya misheni katika Kikuyu ziliamua kupiga marufuku tohara ya wasichana. Walimu na waumini wakatakiwa kuweka sahihi au alama ya kidole gumba kwamba wameikana, na pamoja na hiyo waachane na chama cha kisiasa kilichokuwa kikitetea ardhi. Alama hiyo ikaitwa "kirore". Asiyeweka, kazi ya ualimu hana na mtoto wake shule hana. Wazazi wengi sana wakatoa watoto.

10/ Hapa tusipake rangi. Ukeketaji unaumiza. Wamishonari hawakusema uongo waliposema hivyo, na Kenya yenyewe imeukataza kwa sheria ya 2011. Lakini angalia njia waliyotumia: kidole gumba au toka, tena wakachanganya na siasa ya ardhi. Na angalia upande wa pili pia. Wanaume walijaa barazani kubishana juu ya miili ya wasichana, na wasichana wenyewe hawakupewa nafasi ya kusema. Shikilia hiyo, tutairudia.

11/ Wazazi waliotoa watoto hawakukaa bure. Walijenga shule zao. Miaka ya 1930 zikaundwa jumuiya mbili kubwa za kuzisimamia: Kikuyu Independent Schools Association, na ile ya Karing'a. Hawakuwa wa kwanza kufikiria hivyo. Nyanza, tangu miaka ya 1910, John Owalo na kanisa lake la Nomiya walikuwa wanataka shule zisizoongozwa na wamishonari. Lakini huku Kikuyu jambo lilikuwa kubwa zaidi. Watu walichanga shilingi, mawe, mbao, siku za kazi.

12/ Na walifunza nini kwa hizo shule? Hapa ndipo wagombea wetu wa leo wangechanganyikiwa. Walihifadhi mila zao. Walihifadhi Biblia pia, wakaanzisha makanisa yao. Na walitaka Kiingereza kianze mapema kuliko Idara ya Elimu ilivyoruhusu, mpaka wakagombana na wakaguzi. Watu wale wale waliosimama na utamaduni ndio waliosimama na Kiingereza. Kwao haikuwa kinyume. Walitaka mtoto arudi nyumbani akiwa wao, na aende ofisini akiwa sawa na yeyote.

13/ Mwaka wa 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Walijua shule bila walimu wako ni nyumba ya mtu mwingine. Njia ya kuchanga ndio ilinifurahisha zaidi. Walitumia rika. Kila rika lilichangisha wenzake, na marika yakashindana nani ametoa zaidi. Mfumo wa kijadi kabisa ukajenga chuo cha kisasa. Hakuna mtu aliyewaandikia mwongozo wa "elimu inayozingatia utamaduni". Walikuwa wanaifanya tu.

14/ Ripoti ya Beecher ya 1949 ikaja na mpango wa kukaza ukaguzi na kuchuja watoto kwa mtihani kabla ya kuendelea, huku misheni zikibaki na usemi mkubwa. Waafrika wengi waliipinga. Halafu Oktoba 1952, hali ya hatari ikatangazwa. Chuo cha Githunguri kikafungwa na shule nyingi za wazazi zikafungwa au zikachukuliwa. Shosho alikuwa msichana mdogo. Anasema siku shule yao ilipofungwa, baba yake alienda kuchukua mlango, kwa sababu mbao za mlango ndizo alikuwa amechanga.

15/ Mlango. Hiyo picha imenikaa kichwani. Leo shule ya umma ikipata shida ngapi tunasema "serikali iangalie"? Na sisemi serikali isiangalie, ni kazi yake. Nasema tu, kulikuwa na wakati mzazi alijua ni ubao gani wa shule ulikuwa wake.

16/ Uhuru ukaja. Tume ya Ominde ikatoa ripoti 1964. Lengo lake lilikuwa zuri: kuvunja shule za rangi, kujenga taifa moja. Kuhusu lugha, ilipendekeza Kiingereza tangu darasa la kwanza. Lugha za mama zikaachiwa kipindi cha kusimulia hadithi. Yaani Kiingereza kikapewa hesabu, sayansi, jiografia na mtihani, nyumbani kukapewa hadithi. Ukijiuliza diski yangu ilitoka wapi, haikutoka kwa Ominde, ni ya tangu ukoloni. Lakini mpangilio huo haukuipunguzia nguvu.

17/ Tuwe wa haki lakini. Wazazi wengi walitaka hivyo hivyo. Walikuwa wamenyimwa Kiingereza miaka mingi. Na ile roho ya kujijengea haikufa, iligeuka Harambee. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, shule za sekondari za Harambee zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali. Ila tofauti moja kubwa na Githunguri: jamii ilijenga kuta, mtaala na mtihani vikaamuliwa Nairobi. Jamii ikawa fundi, si mwenye nyumba.

18/ Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikajaribu kusawazisha. Madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha ya eneo ilipo shule, na kwa miji yenye mchanganyiko Kiswahili kitumike. Karatasi ni nzuri. Vikaandikwa na vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu katika lugha kadhaa. Lakini mtihani wa mwisho ulibaki Kiingereza, na mwalimu anajua anapimwa kwa mtihani. Kwa hivyo sera ikasema Kikwetu, diski ikasema Kiingereza. Diski ikashinda.

19/ Sasa twende kwa wafugaji, maana huko ndiko hili swali linauma zaidi. Wakati wa ukoloni serikali ilipotaka watoto wa Kimaasai shuleni, ilipitia kwa machifu: kila eneo litoe idadi fulani ya watoto, waende bweni. Simulizi ya nyumba nyingi inafanana: mzazi alitoa yule mtoto ambaye angeweza kumkosa, na mchungaji mzuri akabaki na ng'ombe. Tukawaita watu "wanaopinga elimu". Walikuwa wanapinga kuporwa mtoto.

20/ Baada ya uhuru njia ikawa pesa. Mwaka wa 1971 karo ya msingi iliondolewa kwa wilaya kame. 1974 ikaondolewa nchi nzima kwa darasa la kwanza hadi la nne. Serikali ikajenga shule za bweni za gharama nafuu kule kwa wafugaji. Nia njema, pesa halisi. Matokeo? Vitanda vingi havikujazwa na watoto waliokusudiwa. Mahali pengine vilijazwa na watoto kutoka nje ya eneo.

21/ Kwa nini? Bweni lilijibu swali ambalo serikali ilijiuliza: "Tutawapataje watoto wanaohama?" Halikujibu swali la mzazi: "Nani atachunga mbuzi? Binti yangu analala wapi na analindwa na nani? Akirudi atakuwa anatujua?" Hakuna aliyekaa chini ya mti kumuuliza. Ukifikiria vizuri, ni ile ile tume ya 1924 ikiwa na nguo nyingine.

22/ Lakini sitaki tumalize tukilia tu. Kuna mahali ilifanya kazi, na ni hapa hapa Kenya. Mombasa, 1986. Wazazi Waislamu walikuwa na tatizo la kweli. Mtoto akienda chuo cha Kurani anakosa nafasi darasa la kwanza. Akienda chekechea ya kawaida, anakosa dini. Viongozi wa jamii wakaomba msaada kwa wakfu wa Aga Khan, na chekechea za madrasa zikaanza: michezo, hesabu, herufi, pamoja na mafunzo ya dini na nyimbo za Kiswahili.

23/ Angalia walivyofanya. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa huo huo, wakafunzwa kazi. Kamati ya shule ilitoka kwa wazazi. Vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vitu vinavyopatikana hapo: vifuu, makombe, vitambaa. Pande zote ziliachia kitu. Wazazi walikubali mtoto ajifunze kwa kucheza, jambo lililoonekana mzaha mwanzoni. Wataalamu walikubali kwamba dini haitatolewa darasani. Mpango huo ukavuka mpaka Zanzibar na Uganda.

24/ Wa pili ni Samburu, miaka ya 1990. Unaitwa "loipi", neno la Kisamburu la kivulini, mahali pa kupumzika. Zamani mama akienda kuteka maji au kutafuta kuni, watoto waliachwa na nyanya kivulini, na hapo ndipo nyimbo, vitendawili na adabu zilipofunzwa. Ukame na umaskini vikawavuruga akina mama, ule mpangilio ukalegea. Badala ya kuleta darasa la mabati, mradi ukauliza: kwa nini tusiutie nguvu huo huo mpangilio?

25/ Jamii ikazungushia ua kivuli chake. Nyanya wakarudi kazini: hadithi, nyimbo za kubembeleza, vinyago vya udongo na vya mbao. Wazee wakatengeneza vifaa vya kuchezea. Halafu wakaongezea vitu vipya: uji wa pamoja, kupima uzito, chanjo, na maandalizi ya shule. Mama aliyemficha mtoto asionekane na muuguzi sasa anamleta mwenyewe, kwa sababu muuguzi amekuja kivulini kwake.

26/ Samburu hao hao walikuwa na "lchekuti", yaani wachungaji. Ni masomo ya jioni kwa watoto ambao mchana wako malishoni. Mbuzi wakirudi zizini, mtoto anaenda darasani. Huko shule ilikubali saa ya mbuzi. Kwa mjini inaonekana kitu kidogo. Kwa familia ya mfugaji, ndio tofauti ya mtoto kusoma na kutosoma kabisa.

27/ Udhaifu? Upo. Mtoto anatoka loipi akijua nyimbo za nyanya, anatembea kilomita kadhaa hadi darasa la kwanza, anakuta mwalimu asiyejua hata neno moja la Kisamburu. Daraja limeisha katikati ya mto. Na miradi ya wafadhili ina tabia moja: ripoti ikiandikwa, gari jeupe linaondoka. Kitu kizuri kikibaki mradi bila kuwa sera, kinabaki hadithi ya kusimuliwa kwa warsha.

28/ Sasa turudi kwa lile nililosema ushikilie: jamii ni nani? Meru, 1956. Serikali ya kikoloni ilitaka kumaliza tohara ya wasichana, na safari hii ikasema tutashirikiana na jamii. Ikaenda kwa wazee wa Njuri Ncheke, wakapitisha marufuku. Matokeo? Wasichana wakachukua wembe wakatahiriana wenyewe. Wakaitwa "Ngaitana", yaani nitajitahiri. Zaidi ya watu 2,000 wakashtakiwa kwa miaka michache iliyofuata.

29/ Hiyo ndiyo hatari ya neno "ushirikiano na jamii". Ukiuliza wazee wanaume peke yao, hujauliza jamii. Umeuliza baraza. Katiba ya 2010 iliona hili. Kifungu cha 44 kinakupa haki ya lugha na utamaduni wako, halafu hapo hapo kinasema hakuna mtu atakayelazimisha mwingine kufuata desturi. Kwa hivyo mgombea akikwambia "tuheshimu mila" ili binti aozwe akiwa darasa la sita, mjibu kwa Katiba ile ile anayoitaja.

30/ Pingamizi nitakalopata kwa koment, acha nilijibu mapema: "Huu si ukabila? Tumesahau 2007?" Hatujasahau. Ni hofu halali. Lakini hakuna anayesema shule ya Nakuru mjini ifunze Kikuyu kwa Mturkana. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 umeweka lugha za kiasili kama somo la gredi ya kwanza hadi ya tatu, na Kiswahili kipo kwa shule za mchanganyiko. Na kumvalisha mtoto diski hakujawahi kumfanya apende kabila la jirani. Kulimfunza kusaliti rafiki yake tu.

31/ Pingamizi la pili, la walimu, ni gumu zaidi. Kuanzia 2018 walimu wengi walihamishwa mbali na kwao, sababu ikiwa uadilifu na umoja wa taifa. Sababu si ya kupuuzwa. Lakini kaskazini mashariki kulikuwa na upande mwingine: walimu kutoka nje waliuawa na magaidi, kwenye basi la Mandera Novemba 2014 na tena Kamuthe, Garissa, Januari 2020. Walimu wengi wakaondolewa. Madarasa yakabaki na watoto bila mtu ubaoni. Eneo lisilofunzwa walimu wake lenyewe huwa linaazima, na aliyeazimisha akichukua chake unabaki mikono mitupu. Githunguri waliliona hili 1939.

32/ Na la tatu halisemwi kabisa: ardhi. Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza msitu wa Mau, haki ya utamaduni ikiwemo. Ogiek ni watu wa msitu na asali. Unaweza kuandika kitabu kizuri cha Kiogiek cha gredi ya pili, chenye picha ya mzinga. Lakini mtoto akiuliza "mzinga wetu uko wapi?" mwalimu atajibu nini? Utamaduni hauishi ndani ya kitabu peke yake.

33/ Basi sheria inasemaje leo? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaweka bodi ya usimamizi wa shule. Wawakilishi wa wazazi ni sita. Mfadhili wa shule, mara nyingi kanisa lililoianzisha enzi zile, ana watatu. Yaani ile historia ya wamishonari bado imeketi mezani, kwa viti. Sina ubaya na hilo, makanisa yamejenga mengi. Nauliza tu: wale sita wa wazazi mnawajua? Walichaguliwa lini? Mlikuwepo?

34/ Kitu kingine ambacho wengi hawajui: chekechea ni kazi ya kaunti. Iko kwa Katiba, Ratiba ya Nne. Yaani yale yaliyofanyika Mombasa na Samburu, gavana na wawakilishi wadi wanaweza kuyaweka kwa bajeti bila kusubiri Nairobi. Kwa hivyo mtu anayeomba ugavana akikuambia "utamaduni shuleni ni mambo ya serikali kuu", anakwepa, au hajasoma kazi anayoomba.

35/ Msimu huu ukifika, usimuulize mgombea kama anapenda utamaduni. Wote watasema ndio, tena wamevaa shanga. Muulize haya:
– Nyanya anayefunza chekechea atalipwa kutoka fungu gani?
– Mtoto akitoka hapo, mwalimu wa gredi ya kwanza anajua lugha yake?
– Vijana wa hapa wangapi watasaidiwa kusomea ualimu?
– Ratiba ya masomo ilijadiliwa na wazazi wepi, na akina mama na wasichana walikuwa chumbani?
– Na mzazi akisema anataka Kiingereza, atasikizwa pia?

36/ Hilo la mwisho nimeliweka kwa ajili ya shosho. Kushirikiana na jamii kunamaanisha kukubali kwamba inaweza kukupa jibu usilolipenda. Mimi mwanaharakati wa lugha ya mama nilipewa jibu hilo sebuleni, na chai juu.

37/ Insha niliiandika upya. Bado naamini mtoto aanze kusoma kwa lugha anayoielewa, na ningependa diski zote zichomwe leo. Ila sasa najua kwamba nikienda kwa wazazi na imani yangu nikiwa nimeshaamua, mimi ni tume nyingine tu. Shosho anasema ule mlango baba yake aliutia kwa jikoni. Kikapita miaka mingi, ukawa bado unafunga vizuri.

38/ Tumefika. Kama kuna mahali nimekosea tarehe au jambo, nirekebishe kwa heshima, tunajifunza pamoja. Na kama shosho au guka wako alisoma shule ya wazazi, ya Harambee, loipi au chekechea ya madrasa, tuandikie hapa chini alichokuambia. Hizo simulizi haziko maktaba.